Je, watunzi mashuhuri wa tamthilia wanastahili sifa zilizodumu karne kwa karne?

Mtoa mada

Wanajukwaa, salaam.

Kila ninaposhiriki mjadala kuhusu tamthilia, hufika mahali ambapo wazungumzaji hugawanyika pande mbili na kubaki hapohapo. Upande mmoja hushikilia kwamba Sophocles, Shakespeare, Molière, Ibsen na Chekhov wamedumu kwa kuwa walikuwa bora kuliko wenzao, na kwamba wakati ni hakimu asiyekosea. Upande mwingine hushikilia kwamba majina hayo yamebebwa na shule, wachapishaji na dola, na kwamba yangeweza kuwa majina mengine yoyote. Nimesoma tamthilia kwa zaidi ya miaka ishirini, nimekaa katika kumbi nyingi, na siridhiki na upande wowote kati ya hizo. Ninachokiamini ni kwamba kudumu kwa tamthilia ni ushahidi mzito wa ubora wake, ilhali kupotea au kusahauliwa kwa tamthilia hakutuambii chochote. Mizani hii ina upande mmoja tu unaofanya kazi, na makosa mengi ya mijadala yetu hutokana na kuisoma pande zote mbili.

Nianzie Athens, kwa sababu huko hesabu inaonekana waziwazi. Sophocles aliandika tamthilia zaidi ya 120, na tulizo nazo kamili ni 7. Aeschylus anahesabiwa kuwa aliandika kati ya 70 na 90, na zinazobeba jina lake leo ni 7 vilevile. Euripides, aliyeandika zipatazo 90, amebakiwa na 19 kwa jina lake, lakini sababu ya tofauti hiyo haihusiani na ubora: sehemu ya mkusanyiko mmoja wa kazi zake, uliopangwa kwa mfuatano wa alfabeti ya Kigiriki, ilinusurika, ndiyo maana tuna kundi zima la tamthilia ambazo majina yake yanaanza kwa herufi zinazokaribiana. Kama kipande kingine cha mkusanyiko huo ndicho kingenusurika, Euripides tunayemsoma angekuwa kwa kiasi fulani mtu mwingine.

Habari inayonikaa moyoni zaidi ni ya Philocles. Taarifa ya kale inasema kwamba Sophocles alipowasilisha tamthilia ya Mfalme Oedipus mashindanoni, alishindwa na Philocles, mpwa wa Aeschylus. Katika karne iliyofuata Aristotle aliichukua tamthilia hiyo hiyo kuwa mfano wa jinsi tanzia inavyopaswa kujengwa, na tangu hapo wengi wameifuata hukumu yake. Philocles hana hata tamthilia moja kamili iliyotufikia. Kwa kawaida habari hii husimuliwa ili kuonyesha jinsi waamuzi wa Athens walivyokuwa vipofu. Lakini waamuzi wale waliona maonyesho ya watu wote wawili, kwaya zao, muziki wao na tamthilia zote zilizowasilishwa pamoja, nasi tumeona kazi ya mmoja tu. Tunamhukumu Philocles kwa kosa la kupotea.

Menander ni kinyume chake, na kwa maoni yangu ndiye mfano wa ajabu kuliko yote. Aliandika tamthilia zaidi ya 100, watu wa kale walimsifu bila kipimo, Warumi waliziiga kazi zake, kisha tamthilia zake zote zikatoweka. Kwa zaidi ya miaka 1,000 alibaki kuwa mtunzi mkubwa ambaye hakuna aliyeweza kumsoma isipokuwa katika nukuu za wengine. Katika karne ya 20 mafunjo kutoka Misri yakaleta tamthilia nzima, ile ya mzee mwenye chuki na watu, na sehemu kubwa za nyingine. Ni kazi safi, iliyopimwa vizuri, na baadhi ya wasomaji waliona kwamba sifa iliyotangulia ilikuwa kubwa kuliko kilichopatikana. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jina na kazi vinaweza kutengana kwa muda mrefu sana, kila kimoja kikiishi maisha yake.

Shakespeare hakuwa salama pia. Alikufa mwaka 1616 bila kukusanya tamthilia zake katika kitabu. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, ndio waliozikusanya na kusimamia uchapishaji wa mwaka 1623, wenye tamthilia 36, na karibu nusu ya hizo hazikuwahi kuchapwa kabla. Macbeth ilikuwa miongoni mwake, na Tufani, na Julius Caesar. Bila watu hao wawili, tungekuwa na nusu ya Shakespeare, na pengine tungebishana kama alimzidi mtunzi mwenzake Ben Jonson, ambaye alizichapisha kazi zake mwenyewe mwaka uleule wa 1616. Kisha kumbi za London zikafungwa na Bunge kuanzia 1642 hadi 1660, na zilipofunguliwa, waliopendwa zaidi hawakuwa Shakespeare wala Jonson. Mshairi na mhakiki John Dryden aliandika mwaka 1668 kwamba kwa kila tamthilia moja ya Shakespeare au Jonson iliyoonyeshwa katika mwaka, za Beaumont na Fletcher, watunzi walioandika pamoja, zilionyeshwa mbili.

Na hata alipopanda, ni nani hasa aliyepanda? Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear: akamfuta Chale wa mfalme, akamwacha hai Cordelia, binti wa mfalme anayekufa katika maandishi ya Shakespeare, akamwoza kwa mhusika mwingine, Edgar, na mfalme akarudishiwa ufalme wake. Toleo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza hadi mwaka 1838, mwigizaji Macready aliporudisha maandishi ya Shakespeare pamoja na Chale. Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Karne ambayo Shakespeare alifanywa kuwa fahari ya taifa ndiyo karne ambayo hadhira ilikuwa ikilia na kufurahi mbele ya mwisho ulioandikwa na mtu mwingine. Mwigizaji David Garrick alipoandaa sherehe kubwa ya kumwenzi Shakespeare mwaka 1769 huko Stratford, mji alikozaliwa, palikuwa na mashairi, nyimbo na mvua nyingi, lakini hapakuonyeshwa tamthilia hata moja ya Shakespeare.

Mtu anaweza kuishia hapo na kusema kwamba sifa yote ni bahati. Siwezi kuishia hapo, kwa sababu ya wale waliokuwa na kila aina ya bahati na bado wakazama. Mjerumani August von Kotzebue aliandika tamthilia zaidi ya 200, akachezwa Ulaya nzima, na katika ukumbi wa Weimar, uliokuwa chini ya Goethe mwenyewe, alionyeshwa kuliko Goethe na kuliko Schiller. Mfaransa Eugène Scribe alizitawala kumbi za Paris, akaingizwa mwaka 1834 katika Académie française, baraza la heshima la lugha ya Kifaransa, na mbinu yake ya kupanga matukio ikaigwa kila mahali. Mhispania José Echegaray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, akigawana na mshairi Frédéric Mistral, na Mhispania mwenzake Jacinto Benavente akaipata mwaka 1922. Chekhov alikufa mwaka uleule wa 1904, Ibsen akafa 1906, Strindberg akafa 1912, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa. Echegaray alikuwa na tuzo, mfalme wa kumkabidhi heshima na magazeti ya kumwandika. Leo ni vigumu kumkuta jukwaani, hata ndani ya Hispania. Taasisi inaweza kumfungulia mtunzi mlango, lakini haiwezi kuwafanya waigizaji wa miaka 100 baadaye wamchague wao wenyewe.

Kwa hiyo nasema kwamba anayedumu amepita katika chujio la kweli, na anayepotea huenda hakuwahi hata kulifikia. Naomba maoni yenu, hasa ya wasiokubaliana.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu mpangilio wa hoja yako, lakini unalisafisha mno hilo chujio unalolisema. Umeitaja taasisi kana kwamba ni tuzo na sherehe tu. Taasisi iliyombeba Shakespeare ilikuwa shule za makoloni, mitihani ya lugha, na vyeo vilivyotolewa kwa aliyeweza kumnukuu. Mtoto aliyemsoma kwa sababu mtihani ulimtaka hakumchagua, na mtoto huyo alipokua akawa mwalimu, akamfundisha mwingine kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Mzunguko wa namna hiyo unaweza kuendelea kwa karne kadhaa bila mtu yeyote kuuliza swali.

Mtazame Kalidasa, mtunzi wa kale wa India. Tamthilia yake Shakuntala ilikuwa ikisomwa na kupendwa India kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini Ulaya iliijua baada ya William Jones kuitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1789. Goethe akaisifu sana. Je, ubora wake ulianza mwaka 1789? Kilichoanza mwaka huo ni kusikika kwake na wale ambao sauti zao huhesabiwa kuwa ndizo sauti za dunia. Ukisema "sifa iliyodumu", naomba kila mara uongeze: imedumu kwa nani, na katika lugha ipi.

Mtoa mada

Ndugu yangu, swali lako la "kwa nani" nalipokea lote, na kuanzia sasa nitajitahidi kuliweka palipo na neno "sifa". Kalidasa anaunga mkono upande wa pili wa hoja yangu: kutosikika hakumpunguzii mtu chochote.

Hata hivyo, nguvu ya dola haielezi kila kitu, na nina sababu tatu. Shakespeare alipokuwa hai, dola kubwa ilikuwa Hispania, na Hispania ilikuwa na Lope de Vega, mtunzi aliyeandika mamia ya tamthilia, nyingi zikiwa zimetufikia. Kama ukubwa wa dola ndio unaopanda mbegu, Lope ndiye angekuwa katika kila shule. Pili, Wajerumani walimkumbatia Shakespeare mwishoni mwa karne ya 18 bila kutawaliwa na Mwingereza yeyote. Tafsiri za Kijerumani za Schlegel zilianza kutoka mwaka 1797, nao wakawa wanamzungumzia kana kwamba ni wa kwao. Tatu, Ibsen aliandika katika lugha ya watu wachache, wa nchi ambayo haikuwa huru kamili hadi mwaka 1905. Hakuna manowari iliyombeba Nora, mhusika wake mashuhuri.

Kuhusu shule za makoloni, mfano ulio karibu nasi wasomaji wa Kiswahili ni mgumu kuliko unavyoonekana. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Ni kweli kwamba alimjua Shakespeare kupitia elimu ya kikoloni, na hapo ninakubaliana nawe. Lakini hakuna mtihani uliomlazimisha kiongozi wa nchi huru kuketi na kutafsiri tamthilia kwa beti, na zaidi ya hapo, neno "mabepari" katika jina lile halimo katika asili. Mfanyabiashara mmoja wa Venisi, aliyemo katika jina la Kiingereza, amegeuka kuwa tabaka zima. Mtafsiri aliichukua kazi ya mtu wa mbali akaifanya iseme jambo alilotaka liseme, na kazi hiyo ikaweza kulibeba. Kwangu huo ni ushahidi wa uhai wa maandishi. Utii peke yake hauzai chaguo la namna hiyo.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza neno kama mtu ambaye kazi yake ni kuongoza maonyesho, kwa sababu naona mnazungumza kuhusu vitabu na tuzo, ilhali tamthilia hupimwa mazoezini.

Tamthilia dhaifu huchoka katika wiki ya tatu. Waigizaji huanza kwa shauku, kisha wanafika mahali ambapo kila sentensi imekwisha kutoa kilichokuwamo, na kuanzia hapo wanajaza kwa sauti na mikono. Tamthilia imara hufanya kinyume: katika wiki ya tatu unagundua kwamba mistari uliyodhani ni ya kupitisha muda ndiyo iliyobeba jambo. Mwandishi Mrusi Tolstoy aliishambulia King Lear katika insha iliyochapishwa mwaka 1906, akasema haina uhalisia, watu wake hawazungumzi kama watu, na matukio yake hayana sababu. Mwandishi Mwingereza Orwell alimjibu mwaka 1947. Mimi nasema Tolstoy alikuwa sahihi katika mengi aliyoyaona kwenye ukurasa. Mgawanyo wa ufalme katika onyesho la kwanza ni wa kitoto kweli. Lakini mpeni mwigizaji onyesho la mwisho. Mzee ameubeba mwili wa binti yake, anasema hatarudi tena, kisha neno moja, "kamwe", linarudiwa mara 5 katika chapa ya 1623. Chapa ya awali, ya mwaka 1608, inalo mara 3. Baada ya hapo anaomba afunguliwe kifungo cha nguo. Nimewahi kutumia alasiri tatu kwa mstari huo mmoja, kwa sababu neno lile lile mara 5 linamlazimu mwigizaji atafute mambo 5 tofauti, na akiyapata, kifungo kile kinachofuata humvunja kila aliyemo ukumbini. Samuel Johnson, mhakiki wa karne ya 18 aliyezihariri kazi za Shakespeare, aliandika kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza hata asiweze kuzirudia kurasa hizo za mwisho mpaka alipolazimika kuzihariri. Hiyo ni nguvu ya maandishi yenyewe, iliyomfikia hata mtu ambaye jukwaa la zama zake lilikuwa likionyesha mwisho wa Tate.

Chekhov naye ana la kutufundisha hapa. Tamthilia yake Shakwe ilizomewa St. Petersburg mwaka 1896, naye akadhani amemaliza habari ya jukwaa. Mwaka 1898 Moscow Art Theatre wakaionyesha na ikafaulu sana. Maandishi yalikuwa yale yale. Kilichokuwa kimekosekana ni waigizaji waliojua kunyamaza. Tamthilia nyingi zilizoanguka usiku wa kwanza hazikupata wa kuziinua mara ya pili.

Ninachotofautiana na mtoa mada ni kwamba yeye anaipa sifa jina la mtunzi. Ningependa tuzipe tamthilia mojamoja. Kuna kazi za Shakespeare ambazo hakuna mwongozaji angezigusa kama zingekuwa za mtu asiyejulikana, na zinachukua nafasi ya kazi nzuri za wengine kwa sababu ya jina lililo juu ya jalada.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu wachangiaji, nimesubiri mtu ataje mwanamke mmoja, na hajatajwa.

Susan Glaspell alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Provincetown Players nchini Marekani. Katika majira ya joto ya mwaka 1916 kundi hilo lilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia ya kijana asiyejulikana, Eugene O'Neill, na katika majira hayo hayo likaonyesha Trifles, ya Glaspell. Tamthilia hiyo ni fupi: wanaume wenye mamlaka wanapekua nyumba ya shamba wakitafuta sababu ya mauaji, na wanawake wawili walioachwa jikoni wanaiona sababu hiyo katika mishono isiyonyooka ya kitambaa na ndege aliyekufa ndani ya kisanduku, kisha wanaamua kunyamaza. Glaspell alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1931. O'Neill akapata Nobel mwaka 1936. Yeye akawa baba wa tamthilia ya Marekani, na Glaspell akapotea katika vitabu vya historia kwa miongo kadhaa, mpaka wahakiki wanawake walipoanza kumrudisha kuanzia miaka ya 1970. Walianza ukumbi mmoja, mwaka mmoja, mbele ya hadhira moja. Naomba mtoa mada anieleze chujio hapo lilichuja nini.

Mtoa mada

Dada yangu, hapo lilichuja jinsia ya mwandishi, na sina namna ya kulitetea. Trifles inapita kipimo cha mwongozaji wetu bila shida. Ile mishono ni aina ya jambo ambalo mwigizaji analirudia mazoezini na kukuta bado lina kitu. Haikuwa dhaifu katika miaka ile ambayo mwandishi wake alisahauliwa.

Mfano wako unanilazimu kurekebisha nilichoandika mwanzoni. Nilisema kudumu ni ushahidi mzito wa ubora, na bado nasema hivyo, lakini nililiacha neno "ubora" liteleze kuelekea "kuwa bora kuliko wengine", na hilo sina haki nalo. Kama nusu ya binadamu ilizuiwa mlangoni, na wengi wa nusu nyingine waliandika katika lugha ambazo hazikutafsiriwa, basi King Lear kudumu kunatuthibitishia kwamba King Lear ni tamthilia kubwa, na hakutuambii ilishindana na nani. Ninakubali pia pendekezo la mwongozaji kwamba sifa zitolewe kwa tamthilia mojamoja. Ninaona sasa kwamba hata mifano yangu mwenyewe ilinielekeza huko: Menander alibaki jina bila tamthilia, na Lear ya Tate ilikuwa jina la Shakespeare juu ya kazi ya mwingine.

Nimalizie na jambo nililolikumbuka nikisoma habari ya Glaspell. Mtunzi Mjerumani Georg Büchner alikufa mwaka 1837 akiwa na umri wa miaka 23, akiacha rasimu za tamthilia ya Woyzeck ambazo hazijakamilika wala kupangwa. Karatasi hizo zilikaa kwa familia yake kwa miongo minne. Mwandishi Karl Emil Franzos alipozipata, wino ulikuwa umefifia kiasi kwamba alilazimika kuupaka kemikali ili maandishi yaonekane, na alipozichapisha alikuwa amelisoma vibaya jina la mhusika mkuu, akaandika Wozzeck. Tamthilia ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1913, huko Munich, miaka 76 baada ya kifo cha mwandishi, na mtunzi wa muziki Alban Berg, aliyeitungia opera iliyoonyeshwa mwaka 1925, akalichukua jina hilo na kosa lake. Ndiyo sababu hadi leo opera inaitwa Wozzeck, na tamthilia inaitwa Woyzeck.